Hisa Hiyo Iko Mikononi mwa Nani?

Mheshimiwa Mwenyekiti, wanachama wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua jukwaa la kununulia hisa za nje, hasa za Marekani, na najua wapo waliotarajia nitaje jina la programu moja ili waipakue kabla chai haijaletwa. Sitafanya hivyo. Tangu Kenya ilipofuta Sheria ya Udhibiti wa Fedha za Kigeni mwaka 1995, kupeleka akiba zetu New York si kosa. Linalotusumbua ni kwamba wengi wetu hulinganisha ada kabla hatujauliza kama tunachouziwa ni hisa.

Yako majukwaa ambayo ukibonyeza kitufe cha kununua Apple, hununui hisa yoyote ya Apple. Unafunga mkataba wa tofauti ya bei na mwenye jukwaa: bei ikipanda anakulipa ongezeko, ikishuka unamlipa upungufu, na hisa yenyewe huimiliki hata kwa dakika moja. Kwa kuwa aghalabu sehemu kubwa ya thamani ya mkataba huo umekopeshwa, kila usiku unaoulaza wazi hutozwa gharama, ndiyo maana haumfai mtu anayetaka kuweka akiba ya miaka. Biashara hii si haramu. Hapa kwetu madalali wa fedha za kigeni wa mtandaoni, ambao huuza pia mikataba ya aina hii, wana kanuni zao tangu mwaka 2017, na wapo wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Lakini leseni ya kazi moja si leseni ya kazi nyingine, kwa hiyo ukionyeshwa cheti, soma kimetolewa kwa kazi gani.

Hisa halisi nayo haiji na karatasi yenye jina lako. Kwa desturi ya soko la Marekani, hisa nyingi huhifadhiwa katika hazina kuu iitwayo DTC na kusajiliwa kwa jina la Cede & Co., ilhali jina la mwenye mali hubaki katika vitabu vya dalali wake. Programu ya simu tunayoifungua Nairobi au Mombasa mara nyingi si dalali huyo, bali ni wakala anayetufikisha kwake. Waulizeni wenye programu: dalali wenu wa Marekani ni nani, na je, kwake nina akaunti yenye jina langu, au fedha zetu sote zimechanganywa katika akaunti moja ya kampuni? Jina la dalali likitajwa, litafuteni bila malipo katika BrokerCheck, orodha ya mtandaoni ya FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa Marekani. Dalali aliye mwanachama wa SIPC, shirika linalolinda wateja wa madalali wa Marekani, akifilisika na mali za wateja zikakosekana, kila mteja hulindwa hadi dola 500,000, na kati ya hizo fedha taslimu ni hadi 250,000. Kushuka kwa bei ya hisa hakuna anayekufidia.

Kuhusu gharama nitasema machache. Tangu dalali mkubwa wa Marekani, Charles Schwab, na washindani wake walipoondoa kamisheni Oktoba 2019, tangazo la "bila kamisheni" halikuambii mengi. Tazameni kiwango cha kubadilisha shilingi. Jukwaa likikata asilimia 2 wakati wa kuingiza fedha na asilimia 2 wakati wa kuzitoa, shilingi 100,000 hupungua kwa karibu 4,000, hata kama bei ya hisa haikusogea.

Kodi inastahili muda zaidi. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo gawio la kampuni ya Marekani hukatwa asilimia 30 kabla halijatufikia, na jukwaa makini litakutaka ujaze fomu ya W-8BEN kuthibitisha kuwa wewe si mkazi wa huko. Lisilozungumzwa sana ni kodi ya mirathi: asiye raia wala mkazi wa Marekani akifariki akiwa na hisa za kampuni za huko, kiasi kinachozidi dola 60,000 huweza kutozwa kodi inayofika asilimia 40, hata kama dalali wake yuko nchi nyingine.

Iko njia ya kupunguza kodi hizo: mfuko wa uwekezaji uliosajiliwa Ireland, unaofuata faharasa ya S&P 500 (kipimo cha hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani), hukatwa asilimia 15 tu ya magawio yanayoingia ndani yake, na vipande vyake havihesabiwi kuwa mali iliyoko Marekani. Lakini mifuko hiyo huuzwa London na katika masoko mengine ya Ulaya, na jukwaa lililounganishwa na New York pekee haliwezi kukununulia. Mwenye kuweka shilingi elfu mbili tatu kwa mwezi asikose usingizi kwa hilo sasa. Ila anayekusudia akiba kubwa ya miaka ishirini, mimi ningemshauri aulize masoko ambayo jukwaa linayafikia kabla hajauliza ada.