Dakika 42: Jumamosi ile Vanderbilt walipowaficha Alabama mpira

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo, akina mama hamjambo. Nashukuru sana kwa kunipa hii nafasi, mwezi uliopita hapahapa mlizungumziwa habari za kodi na makaratasi na wote mkasinzia, leo mtanisikiliza mimi mpika jikoni naongelea mpira wa Wamarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Najua nusu yenu mnasema huo si mpira, huo ugomvi wenye refa. Na mimi nilisema hivyo hivyo miaka minne mizima. Lakini Jumamosi iliyopita, tarehe 5 Oktoba 2024, mpira huu ulinifuata mpaka kazini, nikaona niwaambie kilichotokea na nini maoni yangu, sababu nimesikia watu wengi sana wiki hii wanasema Vanderbilt, timu ya chuo cha hapahapa Nashville, waliwapiga wenzao wa chuo cha Alabama kwa bahati tu, na kwa kweli sikubaliani nao.

Nianze na jikoni. Mi napika kwenye mgahawa mmoja pale mtaa wa Broadway, mnapajua, kila mlango kuna mtu anapiga gitaa. Jioni ile niko kwenye kikaango, oda zimejaa, mara nasikia kelele nje. Kelele za Broadway nimezizoea, zile za walevi na mabibi harusi, lakini hizi zilikuwa zingine, zilikuwa zinakuja, yaani unasikia zinasogea. Dogo wa kuosha vyombo akatoka, akarudi anacheka, anasema bro kuna watu wamebeba goli. Goli? Goli. Nikatoka na eproni yangu na koleo mkononi, wallahi nakuambia, katikati ya barabara kundi la wanafunzi, wengine hawana mashati, wamebeba mlingoti wa goli begani kama wanabeba jeneza la bosi fulani, chuma kirefu kile, wanaimba, magari yamesimama yanapiga honi. Wametoka nalo uwanjani kwa Vanderbilt, kama maili 3 hivi kwa miguu, wamekuja kulitupa mtoni Cumberland. Na wakalitupa kweli. Mi nikarudi ndani nikakuta kuku wameungua.

Sasa kwa nini watu wazima wenye akili zao, tena wa chuo cha watu wanaosoma haswa, wang'oe goli? Sababu Vanderbilt walikuwa wamewapiga Alabama 40 kwa 35.

Kwa wasiofuatilia niseme hivi. Alabama siku ile walikuwa namba 1 nchi nzima kwenye orodha ya timu 25 bora za vyuo, inayopangwa kila wiki kwa kura za waandishi. Wiki moja tu nyuma walikuwa wamewapiga Georgia 41 kwa 34, mechi ambayo dogo wa miaka 17 anaitwa Ryan Williams alidaka mpira akakimbia nao, yadi 75, Georgia wakabaki wanaangaliana. Vanderbilt je? Mwaka jana walicheza mechi 12 wakashinda 2, kwenye ligi yao ya SEC hawakushinda hata moja. Mwezi wa tisa mwaka huu huu wamefungwa na Georgia State, timu ambayo hata haimo kwenye ligi kubwa. Na hao Alabama, Vanderbilt walikuwa hawajawafunga tangu 1984, mimi hata sijazaliwa. Na kila walipocheza na timu iliyo ndani ya tano bora, mara 60, walipigwa mara 60. Sitini! Hata ukirusha shilingi juu mara sitini kuna siku itakuangukia upande wako.

Ndo maana wiki nzima nasikia watu wanasema muujiza, bahati, Alabama walidharau. Mi nasema hapana. Mimi mechi yenyewe niliirudia Jumapili nzima, mke wangu shahidi, na ninachowaambia leo ni kitu kimoja tu, Vanderbilt walishinda kwa saa. Walificha mpira.

Hebu nieleze kidogo maana bila hili hamtanielewa. Timu ikishika mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ukizipata unapewa majaribio mengine manne, usipozipata unampa mwenzako. Na saa, ukikimbia na mpira ukaangushwa ndani ya uwanja saa haisimami, inaendelea kutembea, halafu mnazo sekunde 40 za kujipanga upya. Sasa timu mwenye haraka anajipanga sekunde kumi anacheza. Vanderbilt wao wanakaa. Wanaangalia saa, wanaiangalia tena, zimebaki sekunde chache ndo wanacheza, wanasogea yadi nne, wanaanguka, wanainuka taratibu kama mzee anatoka kwenye mkeka. Huku nyuma yule dogo wa miaka 17 mwenye spidi ya gari amekaa benchi anakunywa maji.

Mechi ina dakika 60. Vanderbilt walikaa na mpira dakika 42 na ushee. Alabama hawakufika 18. Na jaribio la tatu, ambalo ndo roho ya huu mchezo maana hapo ukikosa kwa kawaida unapiga teke unaenda zako, Vanderbilt walikabiliwa nalo mara 18 wakafanikiwa mara 12. Sasa hiyo ni bahati gani inatokea mara 12 jioni moja?

Na aliyekuwa anafanya hayo ni kijana mmoja anaitwa Diego Pavia, kwotabeki, yaani yule anayegawa mipira. Huyu nampenda bure. Ametoka Albuquerque, New Mexico, sekondari alikuwa mpigana mieleka, vyuo vikubwa havikumtaka hata kimoja. Akaanzia chuo kidogo cha miaka miwili, akaenda New Mexico State, mwaka jana akiwa huko akawafuata chuo cha Auburn kwenye uwanja wao wenyewe, akawapiga 31 kwa 10. Ndipo dirisha la usajili lilipofunguliwa akahamia hapa Nashville, na hakuja peke yake, akaja na mwenzake Eli Stowers, na kocha wa mashambulizi, na hata mzee Jerry Kill aliyekuwa kocha mkuu kule akaja kama mshauri. Yaani wamehamisha sebule nzima, kochi na mapazia. Kwa hiyo mnaposema timu mpya haijazoeana, hawa walizoeana zamani, wamebadilishiwa jezi tu. Siku ile Stowers alidaka yadi 113.

Hapa nisimsahau mtu, pasi moja ya mapema ya kwotabeki wa Alabama, Jalen Milroe, ilidakwa na beki wa Vanderbilt Randon Fontenette akakimbia nayo mpaka mwisho, ikawa 13 bila. Hiyo sawa, mtu akisema ni bahati siwezi kumkatalia. Lakini mapumziko ilikuwa 23 kwa 14, Alabama wana nusu nzima ya kurekebisha, na wakifunga wanafunga haraka kweli. Tatizo ni kwamba wakifunga haraka wanawarudishia wenzao mpira, halafu hao hawarudishi! Ukifika mwisho imekuwa 40 kwa 35, zimebaki zaidi ya dakika 2, dunia nzima inasubiri Alabama wapewe mpira mara ya mwisho wamalize kazi. Hawakupewa. Pavia akakaa nao mpaka saa ikasoma sifuri. Kwangu mimi zile dakika mbili ni tamu kuliko goli lolote la siku ile, na hakuna aliyefunga kitu.

Sasa mtanisamehe narukia California, sababu usiku uleule nilipotoka kazini nikakuta mechi nyingine, na hii ndo ilinifanya niamini hoja yangu. Miami, namba 8, wako Berkeley wanacheza na Cal, yaani chuo kikuu cha California cha hapohapo. Cal wako mbele 35 kwa 10. Robo ya mwisho inasomeka 38 kwa 18. Nikasema nalala. Huku kwetu imeshapita saa sita usiku, miguu inaniuma, lakini si unajua ukishakaa. Cam Ward wa Miami akaanza, pasi, pasi, pasi, jumla akamaliza na yadi 437, na zikiwa zimebaki sekunde 26 akafunga la kuongoza, 39 kwa 38. Basi. Cal wamelia refa, na kweli mchezaji wao Fernando Mendoza aligongwa kichwani karibu na mwisho wakaangalia kwenye video wakasema hakuna kosa, mimi ningetoa kosa, sitaki kuficha. Lakini refa hakuwaambia wawe mbele kwa pointi 20 halafu washindwe kukaa na mpira. Vanderbilt waliongoza kwa kidogo wakaificha. Cal waliongoza kwa kingi wakaiacha mezani. Siku moja hiyo hiyo.

Mengine nayapitia haraka maana naona mzee pale anaangalia saa na yeye. Tennessee namba 4 walipigwa na Arkansas 19 kwa 14, kwotabeki wa kwanza wa Arkansas aliumia akaingia wa akiba, Malachi Singleton, akakimbia akafunga dakika za jioni kabisa. Missouri namba 9, hawa hata tusiwaongelee, Texas A&M 41 wao 10. USC namba 11 walifungwa Minnesota 24 kwa 17, ndugu zetu wa Minneapolis mlipiga simu mkanisumbua sana. Na Michigan namba 10 walifungwa na Washington 27 kwa 17. Hesabu sasa, katika timu 11 za juu, tano zimeanguka, na nne kati ya hizo zimefungwa na timu ambayo haimo hata kwenye orodha ya 25. Mikeka ilichanika jamani. Pale kazini kuna mtu aliwaweka Alabama kama uhakika, sijamuona tangu Jumapili.

Hii ya Washington na Michigan inanichekesha. Mwezi wa kwanza mwaka huu hao ndo walicheza fainali Houston, Michigan wakashinda 34 kwa 13. Makocha wote wawili wa fainali ile wameondoka. Harbaugh wa Michigan kaenda NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa, na DeBoer wa Washington kaenda wapi? Alabama, kukalia kiti cha kocha wao mzee Nick Saban aliyestaafu. Kwa hiyo Jumamosi moja timu aliyoiacha inalipa kisasi chake bila yeye, na yeye mwenyewe yuko Nashville anang'olewa goli. Mwanaadamu akihama nyumba asiangalie nyuma.

Na kuna hili la faini. Ligi ya SEC mashabiki wakivamia uwanja chuo kinalipa, Vanderbilt wamepigwa dola 100,000, Arkansas 250,000 sababu si mara yao ya kwanza. Sasa sikilizeni hela inaenda wapi. Inaenda kwa timu iliyofungwa! Alabama wamepigwa, wameng'olewa goli machoni pao, halafu wanatumiwa dola laki moja. Mimi hiyo kanuni naiunga mkono kabisa, ni kama kumtumia mtu nauli baada ya kumfukuza kwenye sherehe.

Mama mmoja aliniuliza tukiwa mlangoni, sasa Alabama wameisha? Hapana mama. Zamani ndiyo, timu nne tu ndo ziliingia kwenye mtoano, ukifungwa na timu kama Vanderbilt ulikuwa unaanza kuomba dua. Mwaka huu wa 2024 zinaingia 12. Alabama wameshuka mpaka nafasi ya 7 tu, wamo bado, wana nafasi ya kukosea hata tena. Na namba 1 baada ya Jumamosi ile wakawa Texas, ambao wiki hiyo hawakucheza kabisa, walikuwa mapumziko, wamelala nyumbani kwao Jumapili wanaamka wamekuwa wa kwanza. Kazi nzuri hiyo, mi mwenyewe naitafuta.

Mniulize tu mchezaji bora wa nchi kwangu ni nani, nisije nikaonekana nimelewa na Nashville. Ni Ashton Jeanty wa Boise State. Jumamosi hiyo alicheza nusu ya kwanza peke yake, yadi 186, tachidauni tatu, yaani mara tatu alifika na mpira mpaka mwisho wa uwanja, akaenda kukaa. Hamna anayemwongelea sababu wanacheza mbali na usiku.

Jumamosi hii, tarehe 12 Oktoba 2024, Vanderbilt wanaenda Lexington kwa Kentucky, ugenini. Watu wanasema watapigwa, walikuwa wamejaza moyo kwa mechi moja. Mi nawaambia msiangalie matokeo, angalieni jaribio la tatu, mkiona Pavia anafanikiwa zaidi ya nusu basi kaeni vizuri. Mimi niko zamu, nitaweka simu juu ya rafu ya viungo, na mara hii kuku nimeshamwambia dogo awaangalie yeye.

Haya, maswali. Ndiyo, kaka pale nyuma... Anauliza kama lile goli lilipita kwenye mlango wa daraja au walilirusha kwa juu. Kaka, mi nilikuwa na koleo mkononi na bosi ananiita jina, sikufika mtoni.