Flopi katika kopo la mchele

(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa kompyuta, Chake Chake, Pemba)

Assalamu alaykum. Walimu wangu, wazee wangu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza huko nyuma chini ya feni, ahsanteni kwa kuja. Nimepewa dakika arubaini nieleze namna ya kuendesha programu kongwe za skuli kwenye kompyuta za leo, na nimeambiwa umeme ukikatika niendelee hivyo hivyo. Haidhuru. Laptopu imejaa chaji, na mdomo wangu haujawahi kuchomekwa ukutani.

Nianze na kopo. Hili hapa, la maziwa ya unga. Kaniletea Maalim mmoja mstaafu, akaomba nisimtaje jina, basi nitamwita Maalim tu. Ndani mlikuwa na flopi nne, diski za zamani za kuhifadhia programu, zile ngumu za inchi tatu na nusu, na mchele mkavu kama vijiko viwili. Mchele kautia mwenyewe, kama tunavyotia kwenye kichupa cha chumvi isishikane. Flopi hizi zilikuja na kompyuta za mtumba ambazo skuli yake ilipewa msaada miaka mingi nyuma. Kompyuta zimekufa moja baada ya moja: nyingine kutu, nyingine mjusi kafiri kajikaangia humo ndani. Flopi zikabaki kwenye kopo.

Moja ina mchezo wa hesabu. Puto linashuka kutoka juu ya kioo, limeandikwa saba mara nane, na mtoto anatakiwa aandike jibu kabla halijagusa chini. Ya pili inafundisha kupiga chapa kwa vidole vyote kumi. Ya tatu ya kuchora, ya nne ya ramani za dunia. Maalim akanambia, "Darasa langu zima lilijua kuzidisha kwa saba kwa sababu ya lile puto. Nataka wajukuu zangu walione." Nikamjibu hilo jambo dogo, Maalim, nipe siku mbili. Nikaondoka na kopo kwapani kama niliyeshinda bahati nasibu.

Siku mbili ziligeuka miezi. Na aibu yangu naitoa mwanzo, ili nisije nikaificha mwisho.

Flopi, ukiivua lile ganda, ni duara jembamba la plastiki lililopakwa unga wa sumaku. Hewa yetu mnaijua nyinyi kuliko mimi. Karafuu isiyoanikwa ikakauka huvunda, na flopi iliyolala kwenye unyevu huota ukungu. Sogeza kile kibati cha pembeni, zungusha duara polepole kwa kidole pale katikati, utauona: madoa meupe, kama vumbi la muhogo. Mimi sikusogeza kibati. Nilikuwa na haraka. Nikaitumbukiza ile ya ramani kwenye mashine ya kusomea, ikalia kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Kichwa cha kusomea kilikuwa kinaikwangua kweli. Nikaitoa, nikatia ya kuchora, nayo ikapigwa mistari, kwa sababu uchafu wa ile ya kwanza ulishagandia kichwani. Flopi mbili ndani ya dakika tatu. Mchele wa Maalim ulizilinda miaka yote hiyo, na mimi, fundi, nimeziua baina ya adhuhuri na alasiri.

Maalim aliposikia alinyamaza kidogo. Kisha akasema ile ramani ilikuwa bado ina Umoja wa Kisovieti, kwa hiyo kwa somo la jiografia hatukupoteza kitu. Kwa somo la historia tumepoteza.

Zile mbili zilizobaki nilizitendea adabu. Kichwa nilikifuta kwa spiriti, duara nililisafisha kwa pamba taratibu, nikaliacha likauke, kisha nikaisoma kila diski mara moja tu, yote, kutoka ukingo hadi ukingo. Sikunakili faili moja moja. Nilichukua diski nzima kama ilivyo, hata sehemu zake tupu, ikawa faili moja yenye baiti 1,474,560. Picha mbili tatu za harusi kwenye simu yako zinaizidi. Baada ya hapo flopi imerudi koponi na sitaigusa tena.

Sasa nina faili kwenye laptopu mpya. Nikabofya ule mchezo wa hesabu. Windows ikanijibu kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii. Mchezo wenyewe mzima. Ni kwamba Windows za leo, zile za biti 64, hazina tena ile sehemu iliyokuwa ikiendesha programu za DOS, mfumo wa kompyuta uliotumika kabla ya Windows. Mgeni kabisha hodi, na aliyekuwa akijua lugha yake kahama nyumba.

Nikatafuta kompyuta ya zamani kidogo, ya Windows XP. Mchezo ukafunguka. Nikafurahi. Puto la kwanza likatokea juu na likawa chini, hapo hapo. Sikuwahi hata kusoma swali. La pili, vilevile. Mtoto hajafumbua mdomo keshafeli maswali ishirini.

Nikaiacha ya hesabu, nikafungua ya kupiga chapa. Hiyo haikufika hata kwenye ukurasa wa mwanzo. Iliandika mstari mmoja ikazima: kosa namba 200, kugawanya kwa sifuri.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo utamu ulipo.

Aliyeandika mchezo wa puto alitaka puto likishuka hatua moja lisubiri kidogo. Hakuitazama saa. Aliiamuru prosesa, ubongo wa kompyuta: hesabu moja, mbili, tatu, mpaka elfu kadhaa, kisha ndiyo ushushe tena. Kwenye mashine ya zama zake kuhesabu huko kulichukua muda wa kumtosha mtoto kufikiri. Prosesa ya leo inamaliza hesabu hiyo kabla jicho halijapepesa. Mwandishi hakukosea kwa siku zake. Aliishi na mashine ya polepole, akautumia upole wake kama saa ya ukutani.

Kosa namba 200 ni mtoto wa baba huyo huyo. Programu nyingi za skuli ziliandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya kuandikia programu, na humo mna kipande kiitwacho Crt. Programu inapofunguka, kipande hiki huipima kompyuta: kwa milisekunde 55, muda wa pigo moja la saa ya ndani, unaweza kuhesabu mara ngapi? Kisha hugawanya kwa 55, na jibu hutiwa kwenye kisanduku kisichopokea zaidi ya 65,535. Zidisheni wenyewe, mtapata kama milioni tatu na laki sita. Kompyuta ikihesabu zaidi ya hapo kwa pigo moja, jibu halienei kisandukuni. Prosesa za mwendo wa megahezi 200 hivi na kuendelea zilianza kuvuka mpaka huo. Prosesa ina kilio kimoja tu kwa matatizo yote ya kugawanya, na programu inakitafsiri kuwa umegawanya kwa sifuri. Hapakuwa na sifuri yoyote. Kompyuta imefukuzwa darasani kwa kosa la kujua hesabu kupita kiasi!

Wazee mtanielewa haraka kwa mfano wa santuri. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri za zama zile zilitengenezwa zizunguke mara 78 hivi kwa dakika. Iweke kwenye mashine ya mizunguko 33, Bi Siti anakuwa mzee wa kiume anayesinzia. Santuri haina kosa, na sindano haina kosa. Mwendo ndio umepotea, na mwendo nao ni sehemu ya wimbo.

Dawa ya kuurudisha mwendo huo inaitwa emyuleta. Ni nini hicho? Ni programu inayojifanya kompyuta nyingine. Inasoma amri za programu ya kale moja baada ya moja, na kwa kila amri inafanya kile ambacho mashine ya kale ingefanya. Mchezo wa Maalim unauliza, kuna kadi ya sauti? Emyuleta inajibu ipo, kumbe haipo. Kuna diski A, yaani flopi? Ipo, na ni lile faili langu. Mchezo haubadilishwi hata herufi moja. Wapo kati yenu ambao babu zao waliacha barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hujui kuzisoma, unamwita anayejua, anakusomea, na barua inabaki vilevile. Kazi ya emyuleta ni hiyo, ila msomaji huyu anasoma mamilioni ya amri kwa sekunde.

Wala si jambo la juzi. IBM walipotangaza mashine zao za System/360 mwezi wa Aprili 1964, wateja hawakutaka kutupa programu walizoandikia mashine ya zamani, 1401. Kwa hiyo baadhi ya mashine mpya zilipewa uwezo wa kujifanya 1401.

Na wanaodhani skuli za Ulaya hazipatwi na haya, wasikilize. Mwaka 1986 Uingereza, BBC na wenzao walitengeneza diski mbili za leza zenye picha na maelezo ya nchi nzima, kuadhimisha miaka 900 ya daftari la sensa la mwaka 1086. Inakadiriwa watu milioni moja walichangia, wengi wao watoto wa skuli. Haikufika miaka kumi na sita, mashine za kuzisomea zikawa za kutafuta kwa tochi. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan ndio waliozionyesha tena, kwa emyuleta. Lile daftari la 1086, la ngozi na wino, linasomeka mpaka leo.

Kwa DOS mimi natumia emyuleta iitwayo DOSBox. Ni ya bure, ilitoka mwaka 2002. Unatengeneza folda, tuseme masomo, unatia humo faili za mchezo, kisha unaiandikia DOSBox mstari mmoja, mount c c:\masomo, na folda hiyo inakuwa ndiyo diski C ya kompyuta ya kuigiza. Halafu unashika Control na kubonyeza F11 kuipunguza mwendo, au F12 kuiongeza. Kwa laptopu nyingi itabidi ushike na kile kitufe cha Fn. Ile ya kupiga chapa ilifunguka mara ya kwanza, kwa sababu mashine ya kuigiza haijui kuhesabu sana. Ya hesabu nilimwita Maalim aniongoze. Akakaa, mikono magotini, anatazama puto. "Bado lina haraka. Punguza. Punguza tena. Hapo." Kipimo cha mwendo hakikuandikwa popote. Kilikuwamo kichwani mwa mtu aliyesimama nyuma ya watoto akiwaangalia wanavyojibu.

Najua mtauliza: na umeme je? Kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ukubwa wa kitambulisho, iliyotoka Uingereza mwaka 2012. DOSBox inakwenda humo, na inakula umeme wa chaja ya simu. Sisi tuliokaa Unguja gizani kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hatuhitaji kushawishiwa zaidi.

Ndiyo, Bi Mwalimu, nimekusikia: kwa nini tusitafute programu mpya tukapumzika? Kwa masomo mengi nitakwambia tafuta mpya, tena ya Kiswahili, na kama haipo wanafunzi hawa waiandike. Lakini lile puto linafanya kitu kimoja tu, halidai intaneti, halitangazi biashara, na limekwisha kupimwa na mwalimu wetu. Kuhusu hakimiliki, Zanzibar tuna sheria yetu ya mwaka 2003, na programu haiwi ya bure kwa kuwa imezeeka. Maalim ana flopi halisi, mimi nimemfanyia nakala yake yeye. Msije kwangu na flashi mniombe niigawe.

Flopi nileteeni, CD nileteeni. Ila msizitie popote kabla sijaziona.

Haya, nani anaanza? Wewe wa chini ya feni, njoo. Usibonyeze chochote. Ngoja kwanza Maalim asogee karibu na kioo.