Vijiwe vya mama, maziwa ya binti asiye na mimba

Haya, asalaam aleikum watu wangu wa Mombasa, na nyinyi mlio Likoni mnaoniangalia mkingoja feri. Niko Leicester, baridi imenikaza, kwa hivyo koti hili ndani ya nyumba msilicheke.

Leo nasema na familia zenye vijiwe vya figo. Kwetu mtu akishikwa na vijiwe, lawama zote huenda kwa maji ya chumvi ya kisima. Sawa. Lakini nyumba nzima inakunywa kisima kimoja, mbona wanaougua ni mama, mamake na kakake tu, tena vijiwe vikitolewa vinarudi?

Shingoni, nyuma ya ile tezi inayovimba watu wakaiita rovu, kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Hivyo ni parathairoidi, walinzi wa kalsiamu kwenye damu. Vikizidisha kazi, mifupa inanyang'anywa kalsiamu yake. Mtu anaumwa na mifupa, figo zinafanya vijiwe, choo kigumu, kiu haikatiki, usiku kucha anaenda kukojoa. Jirani atakwambia hiyo sukari.

Sasa bintiye mama huyo kaolewa, hedhi imekatika, akiminya titi linatoka maziwa, na mimba hana. Nyumbani itasemwa jicho, ataandikiwa kombe. Kombe anywe, dua ni dua, lakini damu nayo ipimwe prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa. Pituitari, kitezi kilicho chini ya ubongo, kikiota uvimbe huweza kumwaga homoni hiyo kupita kiasi. Kwa kawaida uvimbe huo si saratani, na mara nyingi vidonge vya kabergolini huufanya unywee bila kisu.

Hapa ndipo penye utamu wa maneno. Pituitari huamrisha tezi nyingi mwilini, lakini parathairoidi haiziamrishi. Hizo husoma kalsiamu zenyewe. Basi zote mbili zikiharibika katika ukoo mmoja, shuku jeni, yaani maelekezo ya mwili yanayorithiwa, iliyoharibika. Dakta Paul Wermer aliueleza ugonjwa huu wa kifamilia mwaka 1954, na jeni yenyewe, MEN1, ikatambuliwa 1997. Mzazi akiwa na jeni hiyo iliyoharibika, kila mtoto, wa kike kwa wa kiume, ana nafasi ya asilimia 50 kuirithi. Wengi mno wenye jeni hiyo mbovu hupata shida ya parathairoidi kabla ya miaka 50. Shida ya pituitari huwapata wachache zaidi. Kongosho nalo huguswa.

Si kila mwenye kijiwe ana haya, jamani, msije mkatiana hofu kwenye magrupu ya WhatsApp. Ila binti akienda hospitali kwa ajili ya maziwa, ataje na vijiwe vya mamake, aombe kalsiamu na homoni ya parathairoidi zipimwe. Daktari wake hawezi kukisia figo za mtu aliyebaki nyumbani Majengo. Na mama akipangiwa upasuaji wa vile vitezi vya shingoni, daktari ajue mapema habari ya binti, kwa sababu kwenye ugonjwa huu wa MEN1 haitoshi kutoa kitezi kimoja; kwa kawaida huondolewa vitatu na nusu.