Mzani wa Mwingereza: neno "heavy" mbele ya darasa la Wachina

Nashukuru kwa nafasi hii, walimu wenzangu wa Kiingereza. Nimekuja na neno moja tu, na nimelichagua kwa sababu kila mwanafunzi Mchina anayejifunza Kiingereza huapa kwamba analijua: heavy. Muulize maana yake, atakujibu hujamaliza swali: kwa Kichina ni zhòng, yaani zito. Ni kweli. Gunia la mchele ni zito Guangzhou na ni zito London. Halafu mvua inashuka, anachungulia dirishani, anakuambia: "The rain is very big."

Msicheke. Sisi nasi si tunasema mvua kubwa? Kichina husema dà yǔ, neno kwa neno mvua kubwa, na watabiri wao wa hali ya hewa wameiwekea kipimo: milimita 25 hadi 50 ndani ya saa 24. Ikizidi hapo inaitwa bàoyǔ, mvua ya vurugu. Mchina na Mswahili wanatazama ukubwa. Mwingereza katoa mzani. Theluji kaipima, heavy snow, hata magari barabarani, heavy traffic. Mchina theluji huiita kubwa, na magari husema ni mengi, basi.

Sasa mwanafunzi mwerevu anajitungia kanuni: kila "kubwa" ya hali ya hewa ni heavy. Upepo unamwangusha. Kichina ni dà fēng, upepo mkubwa, lakini Kiingereza ni strong wind. Mimi huwaambia kinachoanguka kina uzito, kinachosukuma kina nguvu. Foleni ya magari haianguki wala haisukumi, najua; kanuni yangu ina viraka, ila inawavusha mtihani.

Mvutaji sigara wa kupindukia kwa Kiingereza ni heavy smoker. Kichina humwita yānguǐ, jini la tumbaku. Nakiri nimelipenda kuliko la Mwingereza.

Upande wa pili kuna mtego mbaya zaidi, kwa sababu zhòng hufika mahali heavy haijawahi kukanyaga. Mgonjwa mahututi, ugonjwa wake ni zhòng. Kiingereza kinataka serious. Mtu anayependa chakula chenye chumvi na pilipili nyingi, ladha yake ni zhòng. Akisema "my taste is heavy", Mwingereza atamkodolea macho. Lafudhi iliyokolea, kwa bahati, ni zhòng kwao na heavy kwa Mwingereza. Hapo mwalimu pumzika.

Na "very" yao ile? Wengi hudhani ni kutia chumvi. Sivyo. Mchina husema xiāngzi hěn zhòng, sanduku zito sana, bila kitenzi, kama tunavyoweza kusema sisi. Hiyo hěn mara nyingi haina nguvu ya "sana". Ipo kwa sababu ukiiondoa, sentensi huonekana kama inalinganisha sanduku hili na jingine. Ndiyo maana utasikia "the box very heavy" kutoka kwa mtu asiye na nia ya kulalamika. Mrudishie "is" yake, kisha muulize kama kweli anaihitaji "very".

La mwisho ni "my weight is very heavy". Kichina kinaruhusu, tǐzhòng hěn zhòng. Kwa Kiingereza uzito ni high. Aliye heavy ni mtu mwenyewe, na Marekani hilo ndilo neno la heshima la kumwita mtu mnene. Mwanafunzi wangu mmoja alilielewa vizuri mno, akamwambia mama mwenye nyumba wake.