Gazeti Rasmi Linasomwa Wapi?

Ndugu wakutubi, wazee wetu, waheshimiwa wa kaunti, asalaam aleikum na hamjambo.

Walionisikia mwaka jana watasema narudia. Narudia kweli, kwa sababu Gazeti Rasmi la Serikali bado limefungwa kamba stoo.

Kila Ijumaa Mpiga Chapa wa Serikali hutoa toleo kule Nairobi. Mtu akidai hati miliki imepotea, msajili wa ardhi hutangaza humo, na siku 60 zikipita bila pingamizi, hutoa hati mpya. Mtu akiomba kusimamia mirathi, mahakama hutangaza humo humo na kukupa siku 30. Zikipita umenyamaza, sheria inahesabu kwamba uliambiwa.

Sasa niwaeleze habari ya yule mama. Nilikuwa zamu kwenye maktaba moja ndogo hapa Pwani. Akaingia na mkoba wa ukindu, ndani bahasha ya kaki. Mumewe amefariki, na shemeji yake ameanza kuleta wanunuzi kwenye shamba la minazi analoishi. "Mwanangu," akaniuliza, "mtu anaweza kuandikishwa mirathi na mimi mjane sijaulizwa?"

Nikampeleka stoo. Matoleo yamefungwa kamba ya katani, vumbi tele, mwaka huu umechanganyika na ule. Tukakaa sakafuni alasiri nzima. Herufi ndogo, safu mbili kila ukurasa, Kiingereza cha mahakama mwanzo hadi mwisho. Kiingereza hakukijua, ila jina la mumewe alilijua linavyoandikwa, akawa anashusha kidole safu baada ya safu. Yeye ndiye aliyeliona. Jina, kijiji, tarehe ya kufariki, na hapo hapo jina la shemeji. Tangazo lilikuwa na miezi saba. Muda wote huo lilikuwa ndani ya jengo letu, naye akipita mlangoni petu kila akienda sokoni!

Sheria inaruhusu kuomba mahakama ibatilishe usimamizi uliopatikana kwa kuficha jambo, na alikwenda kuomba. Lakini hiyo sasa ni kesi, ni wakili, ni nauli. Ndani ya zile siku 30 angeweka pingamizi tu.

Najua mtaniambia siku hizi liko mtandaoni, tena bure. Ni kweli, Kenya Law, taasisi ya serikali inayochapisha sheria na hukumu, wameliweka na nawashukuru. Lakini wewe tafuta Mohamed, kumbe karani alipiga Muhamad, hulipati. Na atafutaje mtu ambaye hajui kama kuna gazeti?

Ninachoomba ni saa moja kila Jumatatu. Mkutubi apitie toleo, achague matangazo yanayotaja vijiji vya eneo lake, aandike kwa Kiswahili jina, mahali na siku ya mwisho ya kupinga, abandike mlangoni. Nakala moja kwa chifu, nyingine msikitini, nyingine kanisani. Wengine husema hiyo ni kazi ya wakili. Wakili atamshauri mtu la kufanya. Mimi namwonyesha ukurasa, na kuonyesha ukurasa ni kazi yetu.

Kule Marekani, maktaba inayopewa machapisho ya serikali bure katika mpango wa shirikisho, nazo ni zaidi ya 1,000, sharti imfungulie mwananchi yeyote aje kuyasoma, hata ikiwa ni ya chuo cha binafsi. Sisi tuna ibara ya 35 ya Katiba, inayompa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Jedwali la Nne la Katiba hiyo, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, limezikabidhi kaunti maktaba. Kwa hiyo waheshimiwa, makadirio ya bajeti yenu nayo yafike maktaba mapema, watu wayasome kabla ya vikao vya maoni. Msiyagawe asubuhi ya kikao.

Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu nilitaka kuzigusa, lakini naonyeshwa saa. Yule mzee wa kofia ameinua mkono tangu nilipotaja hati miliki. Mpeni kipaza sauti.