Saa ya jua isiyoharibika Juni: mradi wa hisabati kwa sisi wa karibu na ikweta

Habari zenu watazamaji, hasa nyinyi mliopewa mradi wa hisabati na hamjui mwanzie wapi. Leo tunatengeneza saa ya jua. Si ile ya kuchomeka penseli katikati ya sahani ya karatasi na kuweka alama kila saa. Ile ukiichora Januari, ikifika Juni alama zake hazifai tena, maana jua huhama kusini na kaskazini kadiri mwaka unavyokwenda, na kivuli cha kijiti kilichosimama wima huhama nalo.

Na msiige zile za Ulaya zenye pembetatu katikati. Pembe ya pembetatu ile ni latitudo ya mahali. London ni digrii 51 na nusu. Hapa Dar es Salaam ni digrii 6.8 tu, kwa hiyo pembetatu yako ingekuwa imelala karibu iguse ubao, na mistari ya saa ingebanana hadi usomaji uwe taabu.

Sisi tulio jirani na ikweta tuna njia nyepesi zaidi. Ukingo unaotupa kivuli lazima uwe sambamba na mhimili wa dunia, basi. Huku kwetu mhimili huo umelala karibu usawa wa ardhi, kaskazini kwa kusini. Kwa hiyo saa yetu ni ubao uliolazwa, wenye ukuta mfupi katikati.

Tafuta plaiwudi ya sentimita 40 kwa 20, na kipande kingine cha plaiwudi hiyohiyo chenye urefu wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 5. Hicho ndicho ukuta. Uwe na rula, gundi ya mbao, kalamu ya wino usiofutika, uzi wenye jiwe la kuwa timazi, na kalkuleta au kitabu cha majedwali. Kama plaiwudi haipatikani, boksi gumu linatosha, ila lisinyeshewe.

Sasa hesabu, na hapa msikimbie. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila saa moja ni digrii 15. Saa 6 mchana jua liko juu ya ukuta na kivuli hakionekani upande wowote. Saa 7 jua limeshuka digrii 15 upande wa magharibi, saa 8 digrii 30. Tazameni mchoro huu: ukuta, kivuli chake na mwali wa jua vinafanya pembetatu mraba. Pembe yetu iko juu, kwenye ncha ya ukuta. Kivuli ni upande unaoikabili pembe, ukuta ni upande uliopakana nayo. Umbali wa mstari kutoka kwenye ukuta, basi, ni kimo cha ukuta mara tanjenti ya pembe. Na saa zetu za Kiswahili zinatubeba hapa: chukua saa unayoitaka, tafuta tofauti yake na 6, zidisha kwa 15, pembe umeipata.

Tufanye saa 8. Nane toa sita ni 2, mara 15 ni digrii 30. Tanjenti ya 30 ni 0.577, mara 5 ni sentimita 2.89. Kwa njia hiyohiyo saa 7 inakuja sentimita 1.34, saa 9 sentimita 5 kamili, saa 10 sentimita 8.66, na saa 11 inaruka hadi 18.66. Asubuhi ni namba hizohizo upande wa pili: saa 5 inalingana na saa 7, saa 4 na saa 8, mpaka saa 1 iliyo pacha wa saa 11.

Saa 9 itazameni vizuri. Tanjenti ya 45 ni 1, kwa hiyo kivuli kinalingana na kimo cha ukuta. Waliokulia pwani hili si geni kwao: wakati wa sala ya alasiri, kwa hesabu ya Kishafii, moja ya madhehebu ya Kiislamu, huingia kivuli cha kitu kinapolingana na kimo chake, ukijumlisha kivuli kilichokuwapo adhuhuri.

Mwalimu akiuliza kwa nini hukuchora saa 12, mpe kalkuleta ajaribu tanjenti ya 90. Itaandika kosa. Jua likiwa usawa wa upeo wa macho, kivuli hakina mwisho, na hakuna ubao wa kukitosha.

Tuchore. Plaiwudi ina unene, kwa hiyo usipime kutoka mstari wa katikati. Simamisha ukuta katikati ya ubao, uwe sambamba na ule upande mfupi, chora pande zake zote mbili, kisha uondoe. Saa za asubuhi pima kutoka uso wa magharibi wa ukuta, za jioni kutoka uso wa mashariki. Mistari yote iende sambamba na ukuta. Kivuli cha asubuhi huangukia magharibi, kwa hiyo saa 1 hadi saa 5 zinakaa magharibi, wengi huzigeuza. Ukimaliza, gundisha ukuta na uukague kwa kona ya daftari usiwe umepinda.

Ubao sasa uinuliwe kwa kiasi cha latitudo. Upana wetu wa sentimita 20 ndio upande mrefu wa pembetatu, kwa hiyo hapa ni saini, si tanjenti: 20 mara saini ya 6.8 ni karibu sentimita 2.4. Weka kabari ya kimo hicho chini ya ukingo wa kusini. Mwanza, yenye digrii 2.5, haifiki hata sentimita moja. Wa Kampala, laza ubao tu.

Kaskazini msiitafute kwa simu. Bati na nondo huidanganya. Kwenye meza iliyo sawa simamisha kijiti, kinyooshe kwa timazi, chora duara kadhaa zenye kitovu kwenye kijiti. Asubuhi ncha ya kivuli ikigusa duara, weka alama. Alasiri itagusa duara hilohilo tena, weka alama ya pili. Unga alama hizo: huo ndio mstari wa mashariki na magharibi. Ukuta uukate mstari huo kwa digrii 90.

Sasa soma. Ukingo wa kivuli una ukungu kidogo, hasa mapema asubuhi, kwa hiyo soma katikati ya ukungu. Halafu utatazama simu na kuona saa yako imechelewa. Usiibomoe. Saa za ukutani Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya digrii 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu. Dar es Salaam iko digrii 39.28. Tofauti ni digrii 5.72, na kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua letu linachelewa kama dakika 23. Kigoma linachelewa zaidi ya saa nzima.

Juu ya hapo jua lenyewe halina mwendo mmoja, kwa sababu njia ya dunia si duara kamili na mhimili wake umeinama. Katikati ya Februari linachelewa dakika 14 zaidi, mwanzoni mwa Novemba linawahi dakika 16. Karibu na tarehe 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba tofauti hii ya pili ni sifuri, inabaki ile ya longitudo tu.

Chagua siku mojawapo kati ya hizo na ugeuze swali. Soma saa ya jua, soma simu, toa. Tuseme umepata dakika 23. Gawa kwa 4, ni 5.75. Toa kwenye 45, ni 39.25. Fungua ramani ya shule uilinganishe namba hiyo na longitudo ya Dar es Salaam, kisha iandike kwenye ripoti pamoja na kiasi ulichokosea.