Gunpei Yokoi, fundi wa kiwanda cha karata aliyetuletea Game Boy

Habari zenu ndugu zangu wa nyumbani, karibuni. Leo niko Kyoto, Japani, na nataka tumzungumzie mzaliwa wa mji huu, Gunpei Yokoi. Kila anayeshika gemu mkononi ameguswa na kazi yake, ila jina lake wachache wanalijua.

Alizaliwa 1941, akasomea mambo ya umeme Chuo Kikuu cha Doshisha, na 1965 akaajiriwa Nintendo. Wakati huo Nintendo, tunayoijua leo kwa gemu, ni kampuni ya karata, na kazi yake ni kuhudumia mashine za kiwandani. Mashine zikiwa nzima hana la kufanya, basi akajiundia mkono wa kuvutika wa kunasia vitu vya mbali. Bosi wao, Hiroshi Yamauchi, akauona, akamwagiza autengeneze uwe bidhaa. Ukatoka 1966 kwa jina la Ultra Hand, ukauzwa zaidi ya milioni 1.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha treni. Akiwa safarini alimwona mfanyakazi wa ofisini amechoka, anabonyezabonyeza kalkuleta kupoteza muda. Akapata wazo la gemu ndogo ya mfukoni. Baadaye dereva wa Yamauchi akaugua, Yokoi akaombwa aendeshe gari la bosi, na humo njiani akamgusia wazo lile. Yamauchi alikuwa anakwenda mkutanoni, na huko akaketi karibu na mkuu wa Sharp, kampuni ya kalkuleta! Mwaka 1980 ikatoka Game & Watch, na kwa jumla ziliuzwa zaidi ya milioni 43. Hata kile kitufe cha msalaba cha dole gumba la kushoto ni chake, kilitoka na Donkey Kong ya mkononi mwaka 1982.

Mwoneni akili yake. Hakukimbilia kilichotoka jana. Kampuni za kalkuleta zilikuwa zinagombania wateja, bei ya skrini zao ikashuka, naye akaichukua skrini hiyohiyo akaipa kazi nyingine.

Sasa tazameni hii, ngoja niisogeze. Ni Game Boy ya 1989, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, nimeinunua duka la mitumba. Skrini ina ukijani uliofifia na haina taa, mpaka niielekeze dirishani ndiyo tuone vizuri. Pembeni hapa kuna kigurudumu cha kukoleza picha. Nyuma, betri 4 ndogo kama za rimoti. Mwaka uliofuata wapinzani wao, kampuni ya Sega, wakaleta mashine yao ya mkononi, Game Gear, rangi zinawaka, inapendeza kweli, lakini inakula betri 6 na baada ya saa chache zimekwisha. Hii unacheza kutwa. Iliingia sokoni kwa yeni 12,500, mwenzake kwa yeni 19,800. Mzazi ndiye mnunuzi wa betri, jamani! Ukijumlisha na Game Boy Color, toleo lake la rangi, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Kwenye gemu zenyewe alikuwa prodyuza wa Metroid ya 1986, na kwenye Donkey Kong ya kwanza, ile ya 1981 ya mashine kubwa za sarafu, ndiye aliyemsimamia mbunifu wake Shigeru Miyamoto, baba wa Mario, wakati huo kijana asiye na jina bado.

Kinachoniuma ni watu kumkumbuka kwa Virtual Boy ya 1995, ile mashine ya gemu ya kuchungulia kwa macho mawili, ya picha nyekundu tupu, iliyoanguka sokoni. Wanasema ndiyo iliyomwondoa Nintendo mwaka 1996. Mwenyewe alikanusha, alikuwa na nia ya kujitegemea tangu zamani. Miaka 31 ya kazi haipimwi kwa kifaa kimoja.

Akaanzisha kampuni yake, Koto, hapahapa Kyoto. Tarehe 4 Oktoba 1997 magari yaligongana barabara kuu ya Hokuriku, akashuka kuangalia, gari jingine likamgonga. Alikuwa na miaka 56. WonderSwan, mashine ya gemu ya mkononi aliyoifanyia kazi kwa ajili ya kampuni ya Bandai, ilitoka 1999 ikitumia betri 1 tu, pamoja na gemu iitwayo Gunpey, kwa heshima yake. Ninaitafuta madukani. Nikiipata naifungua hapa mbele yenu, tuipime hiyo betri inadumu saa ngapi.